Dadu Haina Zamu

Kitale hata Bungoma, nimewasikia vijana wachezao dadu wakidai kuwa namba sita, kwa kuwa haijatokea kwa muda mrefu, sasa zamu yake imefika. Kwa mwanaisimu, kosa limo katika neno hilo. Mwalimu wa zamu hujua ni nani aliyemtangulia. Dadu haikumbuki mtupo uliopita. Hata baada ya kuikosa sita mara kumi, uwezekano ni ule ule: 1/6. Wala mitupo mitatu haifanyi nusu. Kuikosa mara zote tatu ni 5/6 × 5/6 × 5/6, yaani 125/216. Kuipata angalau mara moja ni 91/216, takriban asilimia 42. Enyi walimu, lifundisheni jambo hili mapema, kabla kamari haijawafundisha wanafunzi wenu kwa karo ya wazazi wao.