Bakteria za zambarau: wafanyakazi wa bure katika tope la mpunga



Tukipita katika mashamba ya mpunga ya uwanda wa Ruzizi, tunaonyeshwa tope jeusi lenye harufu ya yai lililooza. Watu wanauliza: udongo wetu umekufa? Hapana. Unakosa hewa tu.

Shamba likijaa maji, hewa haifiki tena chini. Vijidudu vinavyoozesha mabua vinatoa ile gazi yenye kunuka. Ikizidi, mizizi inakuwa myeusi na mpunga unadumaa.

Lakini mulemule kuko bakteria zingine, za rangi ya zambarau sawa ganda la kitunguu chekundu. Zinaishi pale hewa inakosekana lakini mwanga wa jua unafika, yaani milimita chache za juu za tope. Zinatumia jua kama majani ya mti, ila hazitoi oksijeni. Zingine zinakula ile gazi mbaya, zingine uchafu wa vitu vinavyooza. Nyingi zinakamata tena azoti ya hewa. Zikikufa, mpunga unaikula.

Mbele koperative haijatoa feza kununua chupa za vijidudu sokoni, tuangalie kwanza tope letu. Njia hii ilianzishwa na mtaalamu wa Urusi, Sergei Winogradsky, miaka ya 1880:

1. Tafuta chupa yenye kuonekana ndani.
2. Changanya tope la shamba, mabua yaliyokatwa vidogo na kipande cha kiini cha yai. Jaza chupa karibu yote, kisha ongeza maji kidogo juu.
3. Funika bila kukaza, juu gazi inaweza kupasua chupa. Weka karibu na dirisha, mbali na watoto.
4. Ngoja wiki sita hivi. Tope litakuwa jeusi kwanza. Kisha, upande wa mwanga, mara nyingi madoa ya zambarau ao ya kijani yanatokea.

Ukiyaona, wafanyakazi wako tayari kwako. Wasaidie: usichome mabua, uyafukie wiki mbili ao tatu mbele ya kupandikiza. Harufu ikizidi na mizizi ikiwa myeusi, toa maji siku chache, lakini hapana wakati mpunga unatoa maua.

Tusidanganyane: bakteria hizi hazichukui nafasi ya mbolea. Zinasaidia tu, na hazidai mshahara. Mwenye kufanya chupa ailete kwenye mkutano, tuiangalie pamoja.