Kalundu: Namna ya kupatanisha sabufa na bafle za nyumba

Huku Kalundu, mjini Uvira, nyumba nyingi ziko na ampli na bafle mbili. Wakiongeza sabufa, wengi wanashangaa: besi inavuma, mabati yanatetemeka, lakini maneno ya mwimbaji, hata habari za redio, hayasikiki tena vizuri.

Mara nyingi sabufa haiko mbaya. Ni kwamba yeye na bafle wanatoa sauti nzito ileile, wanagombana.

Kwanza, zima umeme mbele ya kugusa waya. Nyekundu ku nyekundu, nyeusi ku nyeusi.

Pili, tafuta kifungo cha mpaka wa sauti nyuma ya sabufa. Anzia karibu hezi 80: chini ya hapo ni kazi ya sabufa. Kama bafle ni ndogo sana, panda mpaka 100 ama 120. Waya mnene wa gitaa ya besi, ule unaobeba rumba, unapiga karibu hezi 41. Bafle ndogo haiwezi kuutoa vizuri.

Tatu, pembe ya nyumba inaongeza besi. Ikizidi, sogeza sabufa.

Nne, kama kuna kifungo cha 0 na 180, jaribu pande zote mbili na wimbo uleule. Acha pale besi inajaa zaidi.

Mwisho, pandisha sabufa pole pole. Ukianza kuisikia peke yake, imezidi. Ampli ikianza kukwaruza, punguza haraka: hivyo ndivyo bafle zinaungua. Na usiku, kumbuka jirani: besi inapita ukuta.