Daktari Naye Hupimwa

Tumezoea kupimwa na daktari: joto la mwili, damu, mapigo ya moyo. Lakini familia nyingi za Musoma, Bunda na Butiama hujiuliza: je, daktari naye hupimwa na nani?

Zamani, mtumishi wa umma, akiwamo daktari wa serikali, aliandikiwa na mkuu wake taarifa ya siri. Mwaka 2004 ulikuja mfumo wa wazi uliojulikana kwa kifupi kama OPRAS. Mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kukaa pamoja, kukubaliana malengo na kujaza fomu. Nia ilikuwa njema, lakini mara nyingi fomu zilijazwa ili kutimiza wajibu tu, kisha zikalala kabatini.

Ndipo serikali ikaleta mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS, ulioanza kushika nafasi ya OPRAS katika mwaka wa fedha 2023/2024. Mtumishi huingiza majukumu yake katika mfumo, msimamizi huyapitia, na kazi hupewa alama kadiri inavyotekelezwa. Faida yake ni kwamba kumbukumbu hubaki, na mwaka hauishii kwenye karatasi ya siku moja.

Hata hivyo, kompyuta ni kama mizani ya sokoni: hupima kile tu kilichowekwa juu yake. Tuseme daktari mmoja amewaona wagonjwa 60 kwa siku, na mwenzake 30. Kwa hesabu, wa kwanza ameshinda. Lakini huenda yule wa pili alimweleza mzee kutoka kijijini Butiama kwamba dawa za shinikizo la damu haziachwi kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Mzee asiyeelezwa hivyo huziacha, na baadaye huletwa hospitali na kiharusi. Maelezo ya dakika tano yameokoa maisha, lakini hesabu ya wagonjwa haikuyaona.

Kwa hiyo msimamizi asitosheke na alama za kwenye kompyuta. Aende wodini, asome mafaili, awasikilize wauguzi na wagonjwa. Nasi familia tunayo sehemu yetu:

1. Tumweleze daktari ukweli wote, pamoja na dawa za kienyeji tulizotumia.

2. Kabla ya kutoka chumbani tuulize: ninaumwa nini, dawa hii naitumiaje, nirudi lini?

3. Tukiwa na malalamiko, tuseme tarehe, mahali na kilichotokea. Tumwendee mganga mfawidhi, tutumie sanduku la maoni au mfumo wa serikali wa e-Mrejesho. Kosa la maadili ya udaktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kulalamika kilabuni hakumponyi mtu.

4. Tukihudumiwa vizuri, tuseme pia. Daktari mwema anayefanya kazi usiku kucha anastahili kujulikana.

Tusisahau kwamba siri ya mgonjwa ni mali yake. Daktari apimwe, lakini ugonjwa wa jirani yetu usitangazwe kwa kisingizio cha kumpima.

Kila tarehe 18 Oktoba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Luka, ambaye mapokeo yanamtaja kuwa tabibu. Siku hiyo tuwaombee madaktari wetu, na mwaka mzima tuwasaidie kuwa bora kwa kusema ukweli kwa upendo.