Uvimbe shingoni na saratani: mambo unayopaswa kujua

Ikiwa unaishi Gisenyi, katika kituo cha muda cha Nkamira au ng'ambo ya mpaka huko Goma, huenda umewahi kuona mtu mwenye uvimbe shingoni. Mara nyingi huo ni rovu, ambalo wengi huliita goita, na upungufu wa madini joto ni moja ya sababu zake. Ndiyo maana tunashauriwa kutumia chumvi yenye madini joto. Uvimbe mwingi wa shingo si saratani, lakini baadhi ni saratani.

Saratani huanzaje?

Seli za mwili hupokea ujumbe wa kuongezeka au kutulia. Ujumbe huo hupitishwa na protini zinazoitwa kinasi, ambazo hufanya kazi kama swichi ya taa. Zikiwaka, seli hugawanyika. Zikizimika, seli hutulia. Swichi ikiharibika hubaki imewaka, na seli huongezeka bila kikomo. Katika saratani ya tezi ya shingo iliyo ya kawaida zaidi, kinasi inayoharibika mara nyingi ni BRAF. Huu si uchawi, na ugonjwa hauambukizi.

Je, swichi inaweza kuzimwa?

Ndiyo, kwa baadhi ya saratani. Imatinib, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huzuia kinasi inayosababisha aina moja ya saratani ya damu. Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, ambayo kituo chake cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012, imewatibu wagonjwa kwa vidonge hivyo. Saratani ya tezi ya shingo kwa kawaida huanza kutibiwa kwa upasuaji, si kwa imatinib.

Ufanye nini?

- Nenda kwenye zahanati ya kambi au kituo cha afya ukiwa na uvimbe unaokua, sauti iliyokauka kwa wiki kadhaa au shida ya kumeza. Huko ndiko safari ya rufaa huanzia.
- Usikubali uvimbe uchanjwe au uchomwe nyumbani.
- Ukiwa unatumia vidonge vya saratani, usiache hata ukijisikia vizuri. Swichi inaweza kuwaka tena.
- Ukihamishiwa Mahama au kambi nyingine, waambie wahudumu wa afya kabla ya kuondoka. Beba dawa na karatasi zako za hospitali mkononi, usiziweke kwenye mizigo.