Lomami: Parke Iliyoanza kwa Tambiko (Sehemu ya Pili)

Makala iliyopita ilihusu mito. Leo tuingie parke yenyewe, Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyotanda kati ya majimbo ya Maniema na Tshopo nchini Kongo kwa karibu kilomita za mraba 8,900. Anayetafuta humo bembea na kibanda cha soda atarudi na matope magotini tu. Kuna kambi za doria, mitumbwi na njia za tembo.

Parke ya Virunga ilitangazwa na Wabelgiji mwaka 1925, ikapewa jina la mfalme wao Albert. Wenye ardhi hawakuulizwa. Lomami mambo yalikwenda kinyume. Kuanzia mwaka 2007 kikosi cha watafiti, wengi wao Wakongo, chini ya John na Terese Hart, kilipita msituni kwa miguu kikihesabu mavi ya tembo na viota vya bonobo, wakati nyama ya pori iliyokaushwa ikiingia mjini Kindu kwa baiskeli. Kisha yakaja mazungumzo na machifu, na matambiko ya kuomba idhini ya mababu. Serikali ya Kinshasa ilifika mwisho, kwa amri ya Waziri Mkuu Matata Ponyo, mwana wa Maniema, Julai 2016.

Mwaka huohuo wa 2007, huko Opala, upande wa Tshopo, watafiti walimkuta kima akifugwa kwa mkuu wa shule: uso mrefu mtupu, macho ya kibinadamu, nywele za manjano shingoni. Dume lake lina matako ya buluu. Wawindaji walimjua zamani kama lesula. Sayansi ilimwandika mwaka 2012.

Sasa kuwinda ndani ya parke ni marufuku, na mama wa Kailo, upande wa Maniema, anauliza: mboga itatoka wapi? Swali halali. Jibu la wahifadhi ni kwamba wanyama wakizaliana ndani watatoka nje, ambako uwindaji wa kisheria unaruhusiwa. Sawa, lakini mtoto hali chakula cha miaka ijayo.

Mimi naona Kailo imelala kwenye jambo jingine. Amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 inairuhusu jamii kupewa haki ya kuutumia msitu wake wa kimila, hadi hekta 50,000, bure na bila kikomo cha muda. Ombi huenda kwa gavana, likiwa na ramani ya mipaka. Vijiji jirani vinapaswa kuikubali ramani hiyo, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Tutaufuata juma lijalo.