RAFU YA BWANA SHIPLEY

Mwulize mtu yeyote mwenye vitabu vingi nyumbani kwake ni adui gani anayemwogopa zaidi, naye hatakutajia mchwa wala unyevu. Atakutajia rafiki. Rafiki huja jioni, hunywa chai, husimama mbele ya rafu, kisha huchomoa kitabu kimoja na kusema, "Hiki nitakurudishia Jumapili." Jumapili hiyo mpaka leo haijafika.

Katika mji wa Seattle, huko Marekani, yuko bwana mmoja aliyeamua kulikabili jambo hilo kwa kazi aliyoifanya tangu ujana wake. Jina lake ni Wil Shipley, na kazi yenyewe ni kutunga programu za kompyuta.

Njia aliyopita haikuwa fupi. Yeye na wenzake wawili, Ken Case na Tim Wood, waliasisi kampuni ya Omni Group, nao wakajifunga kibwebwe kutunga programu za kompyuta za NeXT. Msomaji ambaye hajapata kuisikia NeXT asione haya, kwani hata Marekani walionunua mashine hizo walikuwa wachache. Kampuni hiyo ilianzishwa na Steve Jobs mwaka 1985 baada ya kuondoka Apple. Mashine zake zilisifiwa sana na wataalamu, lakini bei yake iliwakimbiza wanunuzi. Kujifunza undani wa chombo kama hicho kulikuwa kama kulima juu ya mwamba.

Lakini mwishoni mwa mwaka 1996 Apple ilitangaza kwamba itainunua NeXT, na mfumo wa NeXT ukafanywa msingi wa Mac OS X. Wale waliokuwa wakilima juu ya mwamba wakajikuta wana shamba lenye rutuba, kwani mambo ambayo watunzi wengine walikuwa wanaanza kujifunza, wao walikwisha kuyazoea kwa miaka mingi.

Mwaka 2004 Bw. Shipley aliiacha Omni na kuanzisha kampuni nyingine, Delicious Monster, pamoja na kijana mbunifu aitwaye Mike Matas, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka 20. Ofisi hawakuwa nayo. Walifanyia kazi katika mkahawa wa kahawa, na mwezi wa Novemba mwaka huo wakatoa programu yao, Delicious Library, iliyouzwa kwa dola 40 hivi. Jarida la Wired liliandika kwamba siku ya kwanza peke yake iliingiza dola 54,000, na mwezi wa kwanza dola 250,000. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya usanifu ya Apple.

Je, ilifanya nini hata watu wakaikimbilia hivyo? Chukua kitabu chako, ukigeuze. Nyuma yake utaona vile vijistari vyeusi vyembamba ambavyo siku hizi karani wa duka huvipitisha kwenye mashine. Vijistari hivyo vilisomwa dukani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, juu ya pakiti ya chingamu. Bw. Shipley alitambua kwamba kamera ndogo ya kompyuta ingeweza kuvisoma vilevile. Mkusanyaji alikishika kitabu, santuri ya CD au filamu mbele ya kamera, na mara picha ya jalada lake ikatokea kwenye kioo, imesimama juu ya rafu ya mbao. Mbao zenyewe zilikuwa picha tu, lakini zilivutia macho. Apple ilipotoa programu yake ya vitabu mwaka 2010, nayo ilikuwa na rafu ya mbao, na waliowahi kuiona ya Shipley hawakukosa la kusema.

Mimi lakini napenda zaidi sehemu ya kuazima. Rafiki akichukua kitabu, ulikivuta kitabu kile kwenye kioo ukakiweka juu ya jina lake. Programu ikaandika ni nani amekichukua, na siku ya kurudisha ikatiwa katika kalenda. Nawajua watu hapa Nairobi ambao wangetoa mshahara wa wiki nzima kwa hilo tu.

Sasa tufike penye jambo lenyewe. Kamera ilisoma nambari tu. Jina la kitabu, mwandishi, mwaka na picha ya jalada havimo ndani ya vijistari. Vilitoka wapi? Vilitoka katika orodha ya duka la Amazon, kupitia intaneti. Kila kitu kilichopangwa vizuri katika rafu ya Bw. Shipley kilikuwa kimechotwa kwenye kisima cha jirani.

Jirani alianza kuvuta kamba mwaka 2009. Bw. Shipley alikuwa ametoa programu ndogo ya kutumiwa katika simu ya iPhone, ili mtu aweze kubeba orodha yake mfukoni. Masharti ya Amazon hayakuruhusu habari zake kutumiwa katika simu, na programu ile ikaondolewa. Ile ya kompyuta iliendelea, hata toleo la tatu likatoka mwaka 2013. Mwishoni mwa mwaka 2024 Amazon ilikifunga kisima chenyewe, na Delicious Library, baada ya miaka 20, ikaacha kuuzwa.

Siwezi kumlaumu sana Bw. Shipley. Watu wachache katika mkahawa hawawezi kuorodhesha vitabu vyote vya dunia. Hata hivyo iko njia nyingine. Kevin Lewandowski, mtunga programu wa Portland, mji usio mbali na Seattle, alianzisha Discogs mwaka 2000 kwa ajili ya wapenzi wa santuri. Huko wakusanyaji wenyewe ndio wanaoandika habari za kila santuri, na orodha yao hutolewa bure kwa yeyote anayeitaka. Kazi hiyo huenda polepole na ugomvi haukosi, lakini ndani yake utakuta hata zile santuri ndogo za benga zilizouzwa River Road, ambazo hakuna duka la Marekani lililopata kuziweka katika orodha yake.

Tena tusisahau vitabu vyetu vya zamani. Vile vya East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948, aghalabu havina vijistari wala nambari yoyote ya kusomwa na kamera. Mkenya aliyekuwa na programu ya Bw. Shipley alilazimika kuviandika kimoja kimoja kwa mkono, jina, mwandishi na mwaka, huku mwenzake wa Seattle akipunga tu kitabu mbele ya kamera. Tangu kisima kifungwe, hata yule wa Seattle ameshikishwa kazi hiyo hiyo kwa kila kitabu kipya anachonunua.

Sehemu ya kuazima haikuhitaji kitu kutoka Amazon. Ilibaki vilevile, na majina ya marafiki, na Jumapili walizoahidi.