Penseli za rangi au krayoni za nta? Tuutazame kwanza mkono wa mtoto

Katika likizo ya Desemba iliyopita, kamati ya msikiti wetu ilitenga fedha kidogo kwa ajili ya darasa la michoro la watoto wa madrasa. Kila mtoto alipata daftari la michoro lenye karatasi nyeupe zisizo na mistari. Fedha hazikutosha kununua aina mbili za rangi kwa kila mmoja, hivyo wakubwa tukawapa penseli za rangi na wadogo tukawapa krayoni za nta, tukiamini kwamba tumegawa kwa haki.

Hazikupita wiki mbili yakatufikia mambo mawili. Kijana wa miaka kumi na mmoja alikuwa akiziacha kurasa zake bila kuzimaliza, na sisi wenyewe tukamwita mvivu mbele ya wenzake. Binti wa miaka saba naye alikuja akilia: nyota zenye pembe nane alizozichora kwa uangalifu zilikuwa zimepakaa rangi ya ukurasa unaozielekea, hata hazikutambulika. Tulipoketi na madaftari yale, tulibaini kwamba kosa halikuwa la watoto. Lilikuwa letu.

Penseli ya rangi ina kiini chembamba ndani ya mti, kilichotengenezwa kwa unga wa rangi, udongo mweupe laini, na nta au mafuta ya kuvishikamanisha. Kwa kuwa huchongeka, hufika kwenye pembe na mistari midogo. Rangi yake huja polepole: tabaka la kwanza huwa hafifu, la pili hukoleza, na buluu ikipitishwa juu ya njano huzaa kijani. Anayekandamiza kwa nguvu tangu mwanzo huifanya karatasi iteleze na kukataa tabaka jingine. Kwa hiyo penseli hutaka subira na muda mrefu, na kijana wetu alikuwa akichora bahari yenye majahazi, ukurasa mzima, kwa ncha isiyozidi punje ya mtama.

Krayoni ya nta ni kijiti kinene kisicho na mti, na sehemu yake kubwa ni nta. Ukiilaza ubavu, hufunika eneo pana kwa muda mfupi. Ukipaka njano, kisha nyeusi juu yake, halafu ukakwaruza kwa kijiti cha meno, nyota hutokeza gizani. Ukipitisha rangi ya maji, nta huyakataa maji na mchoro hubaki ukionekana. Lakini ncha yake butu haiwezi mistari midogo, na nta laini huhamia ukurasa wa pili daftari linapofungwa. Pasteli za mafuta huhama zaidi, kwa sababu hazikauki kabisa.

Basi tukawabadilishia. Kijana alipopewa krayoni, bahari yake ilikamilika kabla ya adhana ya Magharibi, na siku iliyofuata tulimwomba radhi mbele ya wale wale waliotusikia tukimlaumu. Binti alichora upya nyota zake kwa penseli, safari hii akazipaka moja moja bila haraka.

Mzazi mwenye uwezo wa kununua aina moja tu, amuulize mwanawe anapenda kuchora nini. Kwa mapambo, majani na daftari dogo, penseli zinafaa. Kwa mbingu, bahari na karatasi kubwa, krayoni zinafaa. Atakayechagua krayoni, mtoto achore upande mmoja wa karatasi na kuweka karatasi nyembamba kati ya kurasa. Wala zisiachwe juani, kwani joto la pwani yetu huzilainisha. Atakayechagua penseli, azilinde zisianguke, maana kiini huvunjika ndani ya mti na kila uchongapo ncha hudondoka.

Wala tusihadaiwe na wingi wa rangi. Mwaka 1903, kampuni ya Binney & Smith ya Marekani ilipoanza kuuza krayoni za Crayola, boksi lake la senti tano lilikuwa na rangi nane tu. Rangi chache zilizo bora humfundisha mtoto kuchanganya. Nyingi zilizo duni humchosha.

Likizo ijayo, inshaallah, maboksi ya aina zote mbili yatawekwa katikati ya jamvi, na kila mtoto atachagua mwenyewe. Fedha ni zile zile, ila watoto watatumia kwa pamoja. Nasi wakubwa tumejifunza kwamba kabla ya kumwita mtoto mvivu, ni wajibu wetu kutazama tumempa nini mkononi.